Frank Zappa, kiongozi wa bendi aliyekataa kufungwa mdomo

Jumamosi iliyopita katika kipindi cha muziki wa zamani tulipiga kipande kimoja kisicho na uimbaji hata kidogo. Kinaitwa Peaches en Regalia, kilitoka mwaka 1969, na hakifiki hata dakika nne. Kabla hakijaisha, ujumbe ulianza kuingia. Mmoja aliuliza kama redio yake imeharibika. Mwingine aliomba tukirudie kuanzia mwanzo. Wa tatu aliandika maneno mawili tu: nani huyu?

Huyo ni Frank Zappa wa Marekani, mtunzi, mpiga gita na kiongozi wa bendi. Ukikutana na muziki wake utaupenda sana au utazima redio. Wanaoupenda huwa wanaupenda maisha yao yote, na ukikaa nao hawachoki kusimulia. Kwa kuwa muda wa hewani ulikuwa mfupi, tuliahidi kuandika habari zake hapa ili usome polepole kwenye simu yako.

Mtoto mgonjwa katika nyumba yenye vinyago vya gesi

Zappa alizaliwa tarehe 21 Desemba 1940 katika mji wa Baltimore. Baba yake alikuwa amezaliwa Sicily, Italia, na alifanya kazi kwenye kituo cha jeshi kilichoshughulika na silaha za kemikali. Familia iliishi karibu na kituo hicho, na nyumbani waliweka vinyago vya kujikinga na gesi, ajali isije ikatokea usiku.

Mtoto huyo alikuwa mgonjwa mgonjwa. Alisumbuliwa na pumu, masikio na pua. Daktari mmoja alimtibu kwa kumwingizia puani kidonge cha madini ya radiamu, tiba ambayo leo ingemshangaza kila mtu. Familia ikahamia California, ambako hewa ni kavu, na baada ya kuhamahama ikatua Lancaster, mji mdogo ulio kwenye jangwa.

Kule jangwani alianza kupiga ngoma, kisha akahamia gita. Alipenda muziki wa Wamarekani weusi wa wakati huo, hasa bluzi. Bendi yake ya shuleni ilichanganya vijana weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, jambo ambalo baadhi ya watu wa mji hawakulipenda.

Lakini kilichombadilisha ni santuri moja. Alisoma gazetini kuhusu Edgard Varèse, mtunzi mzaliwa wa Ufaransa aliyeishi New York, ambaye muziki wake ulijaa ngoma, ving'ora na kelele. Mwandishi alikuwa anauponda muziki huo. Kijana Zappa akaona huo ndio anaoutaka. Aliitafuta santuri hiyo kwa muda mrefu, akaikuta dukani, na fedha zake zilikuwa pungufu. Mwenye duka akamwachia kwa hicho alichokuwa nacho.

Alipotimiza miaka 15 mama yake alitaka kumpa fedha kidogo za zawadi. Yeye akaomba badala yake aruhusiwe kupiga simu ya mbali, ampigie Varèse. Alipopiga, mzee alikuwa amesafiri kwenda Brussels, akazungumza na mkewe. Baadaye walizungumza wenyewe kwa simu na kuandikiana barua, ila Varèse alifariki mwaka 1965 bila wawili hao kuonana ana kwa ana.

Zappa hakusoma chuo cha muziki kwa maana ya kukaa na kuhitimu. Alijifunza kuandika noti kwa vitabu vya maktaba na kwa kusikiliza.

Siku kumi jela

Mwaka 1964 alinunua studio ndogo ya kurekodia huko Cucamonga, California. Alikuwa hana kitu, akawa analala humohumo. Mwaka uliofuata askari aliyejifanya mteja alimwomba amtengenezee kanda ya sauti za kimapenzi kwa ajili ya sherehe ya wanaume. Zappa na rafiki yake wakakaa wakaigiza sauti, wakicheka, kisha wakakata vicheko. Alipokuja kukabidhi kazi, akakamatwa. Hukumu ilikuwa miezi sita, lakini alikaa ndani siku kumi.

Siku hizo kumi hakuzisahau. Waliomfuatilia wanasema huko ndiko ilikoanzia hasira yake dhidi ya mtu yeyote mwenye mamlaka anayetaka kuamua raia asikilize nini.

Bendi na sheria zake

Mwaka 1965 alijiunga na bendi ya baa, na haikupita muda akawa kiongozi wake. Wakaitwa The Mothers. Kampuni ya santuri ikaogopa jina hilo, kwa kuwa mtaani lilikuwa na maana ya matusi, ikalazimisha liongezwe neno. Ndipo ikawa The Mothers of Invention. Albamu ya kwanza, Freak Out!, ilitoka mwaka 1966 ikiwa na santuri mbili kwa pamoja, jambo ambalo katika muziki wa roki lilikuwa karibu halijawahi kufanyika.

Watu wengi walipoona nywele zake ndefu na masharubu yake walidhani ni mlevi wa dawa za kulevya. Ukweli ni kinyume. Alizipiga marufuku dawa hizo katika bendi yake, na mwanamuziki aliyekamatwa nazo safarini alirudishwa kwao. Yeye mwenyewe ulevi wake ulikuwa sigara na kahawa, na kazi isiyo na usiku wala mchana.

Kupata nafasi katika bendi ya Zappa ulikuwa mtihani. Alikupa noti ngumu ambazo hujawahi kuziona, akakutazama unavyohangaika. Kuna kipande alichotunga mwaka 1976 kwa ajili ya mpiga dramu wake Terry Bozzio, akakiita The Black Page, yaani ukurasa mweusi, kwa sababu noti zilikuwa nyingi kiasi cha kuujaza ukurasa wino. Kijana Steve Vai, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga gita mashuhuri duniani, alianza kwa Zappa kama mwandishi wa noti tu: anasikiliza kanda na kuandika kila sauti.

Jukwaani Zappa aliongoza kwa ishara. Akizungusha vidole pembeni mwa kichwa kama mtu anayesokota rasta, bendi nzima ilihamia rege papo hapo, katikati ya wimbo. Ishara nyingine ilimaanisha harakisha, nyingine piga kelele. Kwa hiyo wimbo uleule haukuchezwa sawasawa usiku wa leo na wa kesho, na hapo ndipo penye raha ya mashabiki wake. Wanatunza kanda za maonyesho mbalimbali, wanalinganisha, wanabishana gita lililia vizuri zaidi wapi.

Moto na anguko

Desemba 1971 karibu immalize. Tarehe 4, akiwa jukwaani Montreux, Uswisi, mtu mmoja ukumbini alifyatua fataki na jengo likashika moto. Watu walitoka, jengo likaungua pamoja na vyombo vyote vya bendi. Bendi ya Deep Purple iliyokuwa mjini hapo ilitunga wimbo wake maarufu Smoke on the Water kutokana na moshi ule.

Siku sita baadaye, London, wakipiga kwa vyombo vya kukodi, mtu alipanda jukwaani na kumsukuma. Zappa alianguka chini kwenye sakafu ya zege. Alivunjika mguu, akaumia kichwa, shingo na koo. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu sehemu kubwa ya mwaka uliofuata. Sauti yake ikawa nzito kuliko ya zamani, na mguu mmoja ukabaki mfupi kidogo.

Hata hivyo hakupumzika. Akiwa kwenye kiti hicho alitunga muziki wa bendi kubwa ya tarumbeta, na albamu mbili, Waka/Jawaka na The Grand Wazoo, zikatoka mwaka 1972.

Sisi watu wa redio tuna sehemu yetu katika habari hii. Mwaka 1974 mtangazaji mmoja wa Pittsburgh aliukata wimbo mrefu wa Zappa kuhusu theluji, akaufanya mfupi wa dakika chache na kuupiga hewani. Wasikilizaji wakaupenda, na albamu yenye wimbo huo ikawa ndiyo iliyopanda juu kuliko zote nchini Marekani katika maisha yake, ikaingia kumi bora.

Upande wa familia, mkewe Gail alimzalia watoto wanne, lakini kazi ilimla. Mwaka 1982 binti yake mkubwa, Moon, alipitisha karatasi chini ya mlango wa studio, akijitambulisha kwa baba yake na kuomba wafanye kitu pamoja. Wakarekodi Valley Girl, na huo ukawa wimbo wake uliofanya vizuri zaidi kwenye chati za Marekani.

Mbele ya maseneta

Mwaka 1985 kundi la wake za wanasiasa mjini Washington lilitaka albamu ziwekewe alama ya onyo kwa sababu ya maneno machafu. Zappa alivaa suti na tai, akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti tarehe 19 Septemba. Hoja yake ilikuwa kwamba malezi ni kazi ya mzazi, na kwamba serikali ikianza kuchuja nyimbo haitajua pa kuishia. Alishindwa kwa maana kwamba alama zilikuja kuwekwa. Lakini alichukua sauti za maseneta wenyewe, akazikatakata na kuzigeuza muziki.

Tuseme kweli hapa. Nyimbo zake nyingi zina lugha ambayo sisi hatuwezi kuipiga hewani watoto wakiwa nyumbani. Baadhi zilikejeli wanawake na makabila ya watu, na waliolalamika walikuwa na sababu. Yeye alisema ni dhihaka. Mashabiki wake hadi leo hawajakubaliana juu ya hilo, na wewe unaweza kuwa na maoni yako.

Rafiki zake wa mbali

Muziki wake ulifika hata mahali ambako haukuruhusiwa. Nchini Czechoslovakia, chini ya utawala wa kikomunisti, bendi ya vijana ilijiita The Plastic People of the Universe, jina lililotokana na wimbo wake. Wanamuziki hao walifungwa mwaka 1976, na kukamatwa kwao kulichochea harakati za haki zilizoitwa Mkataba wa 77. Mmoja wa viongozi wake alikuwa mwandishi Václav Havel.

Havel alipokuwa rais, Zappa alikwenda Prague Januari 1990 na kulakiwa na umati uwanja wa ndege. Rais akamteua mwakilishi wa biashara, utamaduni na utalii. Serikali ya Marekani haikufurahi, na uteuzi ukafutwa kimyakimya. Waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo alikuwa James Baker, ambaye mkewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa lile kundi la alama za onyo.

Shabiki mwingine alikuwa mwanasayansi wa Italia, Ferdinando Boero. Alitamani kumwona Zappa lakini hakujua njia. Akagundua aina mpya ya yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini, akampa jina la Zappa na kumwandikia barua. Akakaribishwa nyumbani. Zappa alipopiga Genoa mwezi Juni 1988, alimwimbia rafiki yake huyo jukwaani. Usiku ule ndio ulikuwa wa mwisho wa safari zake na bendi, kwa sababu wanamuziki wake walikuwa wamegombana na maonyesho yaliyobaki yakafutwa.

Ugonjwa na mwisho

Mwaka 1990 madaktari waligundua ana saratani ya tezi dume. Ilikuwa imekua kwa miaka bila kutambuliwa, na haikuwezekana tena kuiondoa kwa upasuaji. Baba na kaka mnaosoma, dalili za kushindwa kukojoa vizuri si za kuonea haya, nendeni kituo cha afya mapema.

Aliendelea kutunga. Septemba 1992 huko Frankfurt, kundi la Ensemble Modern la Ujerumani lilipiga muziki wake, naye akiwa dhaifu akapanda kuongoza baadhi ya vipande. Watu walisimama wakapiga makofi muda mrefu. Miaka yote alitaka achukuliwe kama mtunzi, na usiku ule alichukuliwa hivyo.

Alifariki nyumbani Los Angeles tarehe 4 Desemba 1993, akiwa bado siku 17 kufikisha miaka 53. Tarehe ni ileile ya moto wa Montreux. Aliacha albamu zaidi ya 60, na kaburi lake halina jina.

Mashabiki ndio waliosimamisha alama. Vilnius, Lithuania, nchi ambayo Zappa hakuwahi kuikanyaga, walimwekea sanamu mwaka 1995, na aliyeichonga ni mzee aliyewahi kuchonga sanamu za Lenin. Bad Doberan, Ujerumani, wana tamasha lake tangu mwaka 1990.

Wewe unayetaka kuanza, anza na albamu ya Hot Rats. Karibu yote ni ala tupu, unaweza kuisikiliza hata na wakwe. Jumamosi hii tutakirudia kile kipande cha Peaches en Regalia kama mlivyoomba, na safari hii hatutakikatiza.