Walter Paepcke: Mwenye viwanda aliyefufua mji wa Aspen

MJI wa Aspen, jimboni Colorado nchini Marekani, ulikuwa umekwisha kusahaulika Walter Paepcke alipoufikia mwaka wa 1945. Madini ya fedha ndiyo yaliyoujenga. Serikali ilipoacha kuyanunua kwa wingi mnamo 1893, bei iliporomoka, migodi ikafungwa, na mji uliokuwa na wakazi wapatao 12,000 ukabakiwa na takriban 700 kufikia 1930.

Paepcke, mzaliwa wa Chicago mwaka wa 1896, alikuwa tajiri wa viwanda vya maboksi. Mkewe, Elizabeth, ndiye aliyetangulia kuuona mji huo, akamshawishi aende. Ajabu ni kwamba bwana huyu hakuvutiwa sana na mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Alitamani mahali ambapo akili na roho zingestawi pamoja na mwili. Mambo ya theluji alimwachia Friedl Pfeifer, mtelezaji stadi kutoka Austria. Mwaka wa 1946 waliunda kampuni, na Januari 1947 viti vya kuning'inia kwenye kebo, virefu kuliko vyote duniani wakati huo, vikazinduliwa rasmi kupandisha watu mlimani.

Lakini theluji ilikuwa tele kwingineko. Hapo ndipo weledi wa Paepcke katika biashara ulipodhihirika. Alimleta msanii Herbert Bayer kuchora mabango na kusanifu majengo. Mnamo 1949 akaandaa maadhimisho ya miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mshairi Goethe, na mgeni mkuu akawa Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné, Gabon, ambaye hakupata kuizuru Marekani tena. Magazeti yakaitangaza Aspen. Mwaka uliofuata mji huo ukaandaa mashindano ya dunia ya kuteleza, ya kwanza kufanyika nje ya Ulaya.

Hata hivyo, si wenyeji wote waliomshangilia. Alipojitolea kuwapa rangi ya bure wapake nyumba zao, mradi Bayer ndiye achague rangi yenyewe, wengi walikataa. Walikuwa wamevumilia ufukara nusu karne. Hawakuona kwa nini mgeni awaamulie sura ya kuta zao.

Paepcke alifariki Aprili 1960. Nyumba alizozikuta zikiuzwa kwa bei ya kutupa sasa zimo miongoni mwa ghali mno Marekani, na wafanyakazi wengi wa hoteli za Aspen hulala katika miji ya chini bondeni, wakipanda basi kila alfajiri kwenda kazini.