Matsushita: Fundi wa baiskeli aliyezifanya betri zidumu

Wanunuzi wa kuku wa kienyeji wanaozunguka vijiji vya Iramba na Ikungi, mkoani Singida, wanajua thamani ya tochi. Wengi hutoka nyumbani alfajiri, giza likiwa bado nene, matenga yamefungwa nyuma ya baiskeli na tochi imefungwa kwa mpira kwenye usukani, ili wawahi kufika barabara kuu kabla magari ya Dar es Salaam hayajapita. Tochi ikizimika katikati ya safari, baiskeli huingia shimoni, tenga hupasuka, na faida ya siku nzima hukimbilia vichakani. Ndiyo maana katika maduka ya vijijini swali la kwanza la mteja anayenunua mawe ya tochi ni yale yale: yanakaa muda gani?

Swali hilo ndilo lililomtoa katika umaskini Konosuke Matsushita, Mjapani ambaye betri zake za National ziliingia karibu katika kila kijiji cha Tanzania. Hakuwa mwanasayansi wala hakumaliza shule ya msingi. Alikuwa kijana wa duka la baiskeli.

Matsushita alizaliwa Novemba 27, 1894 katika kijiji cha Wasa, jimbo la Wakayama, akiwa wa mwisho kati ya watoto wanane. Baba yake alikuwa mwenye mashamba na mtu wa kuheshimiwa kijijini, lakini aliingiwa na tamaa ya kubahatisha bei ya mpunga katika soko la mazao. Mwaka 1899 bei zilimwendea kinyume. Shamba likauzwa, nyumba ikauzwa, na familia ikahamia mjini kufungua duka dogo la mitalawanda ambalo nalo halikudumu. Mkulima wa vitunguu au alizeti aliyewahi kuweka mazao yote ghalani akisubiri bei ipande, kisha ikashuka, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi nyumba ile ilivyokuwa.

Mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka tisa, mtoto huyo alipandishwa treni peke yake kwenda Osaka kuwa mwanagenzi katika duka la majiko ya mkaa. Baada ya miezi michache alihamia kwenye duka la baiskeli. Wakati huo baiskeli nchini Japani ilikuwa mali ya watu wenye uwezo, nyingi zikiagizwa kutoka nje. Kijana alifagia, alibeba, alijifunza kuchonga chuma, na zaidi ya yote alisikiliza wateja wakilalamika. Baba yake alifariki mwaka 1906, mama mwaka 1913, na ndugu zake wakafuatana mmoja mmoja, wengi wao wakiwa bado vijana. Yeye mwenyewe aliugua mapafu mara kwa mara.

Alipoona tramu za umeme zikianza kupita mitaani Osaka, aliona kwamba mbele ya safari ni umeme. Mwaka 1910 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya mji huo kama msaidizi wa mafundi wa kutandaza nyaya, akapanda haraka hadi kuwa mkaguzi. Alibuni holda ya taa iliyo bora kuliko zilizokuwapo, lakini mkubwa wake hakuipenda. Mwaka 1917 akaacha kazi. Mtaji wake haukufika yeni 100, na mshahara aliouacha ulikuwa kama yeni 20 kwa mwezi. Alianza katika chumba chake cha kupanga, pamoja na mkewe Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa kijana wa miaka 14, na wenzake wawili waliotoka naye kazini.

Holda hazikununuliwa. Wale wawili wakaondoka, kwa kuwa hapakuwa na cha kuwalipa. Mumeno akapeleka nguo zake rehani, kimono moja baada ya nyingine. Kilichowaokoa ni oda isiyohusiana kabisa na holda: vibao 1,000 vya kuzuia umeme kwa ajili ya feni. Walikesha wakivitengeneza, wakalipwa, na Machi 7, 1918 wakafungua karakana rasmi. Vifaa vidogo vya umeme walivyotengeneza humo vilikuwa bora kuliko vya wengine na bei yake ilikuwa chini, basi karakana ikakua.

Kisha ikaja taa ya baiskeli. Waendesha baiskeli wengi wa Osaka walitumia taa za mshumaa au mafuta, ambazo upepo ulizizima kila baada ya hatua chache. Mtu wa Singida, mkoa ambao upepo wake hauna mchezo, anaelewa adha hiyo. Taa za betri zilikuwapo, lakini zilidumu kama saa tatu tu kisha betri ikafa, na ziliharibika hovyo. Matsushita, ambaye bado aliendesha baiskeli kila siku kupeleka mizigo, alitumia karibu miezi sita akijaribu. Alitengeneza sampuli karibu 100.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wa betri huwa hawalioni. Matsushita hakupata siri mpya ya kemikali. Alichofanya ni kutafuta globu ndogo iliyovuta umeme kidogo sana, na kuipangia betri zilizoungwa pamoja katika umbo linaloifaa. Betri kavu ya kawaida ni kopo la zinki lenye uji wa kemikali na kijiti cha kaboni katikati. Ukiinyonya kwa kasi, sehemu moja ya kemikali huchoka kabla nyingine haijatumika, na betri huonekana imekwisha ilhali bado ina kitu ndani. Ukiinyonya polepole hutoa karibu yote iliyo nayo. Kwa hiyo kupunguza mvuto wa umeme kwa nusu huongeza maisha ya betri kwa zaidi ya mara mbili. Taa aliyoitoa mwaka 1923, yenye umbo la risasi ya bunduki, iliwaka zaidi ya saa 30.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya tochi za siku hizi zenye vijitaa vya LED zikae wiki nyingi kwa mawe yale yale ambayo tochi ya globu ya zamani iliyamaliza kwa siku chache. Ndiyo pia sababu ya redio iliyofunguliwa kwa sauti ya juu kumaliza betri mapema kuliko ile inayosikilizwa na mtu mmoja aliye karibu. Kinachokula betri ni kifaa. Mteja anayehangaika kutafuta betri kali huku akibaki na globu kongwe anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Matsushita aliamini kwamba taa ile ingegombaniwa. Akaipeleka kwa wauzaji wa jumla, nao wakaikataa wote. Hoja yao ilikuwa kwamba betri yake ni ya umbo la pekee: ikimwishia mteja njiani, ataipata wapi? Tusiwacheke. Kifaa kizuri chenye betri isiyopatikana gulioni ni hasara, na wafanyabiashara wengi wadogo wamewahi kubaki na bidhaa za namna hiyo kwenye rafu. Ila wao waliihesabu betri ya saa tatu, wakati hii ilikuwa ya saa 30 na ushei. Hawakuamini tarakimu hiyo, na maneno matupu yasingewafanya waiamini.

Huku nyuma karakana ilikuwa imeshatengeneza maelfu ya taa na stoo ilikuwa inajaa. Fedha ya kuwalipa mafundi na wauzaji wa malighafi ilikuwa imelala humo humo. Matsushita akafanya uamuzi ambao ungeweza kumfilisi. Aliwaruka wauzaji wa jumla, akawatuma vijana wake katika maduka ya baiskeli mjini Osaka kuacha taa mbili tatu kila duka kwa mali kauli. Moja iliwashwa pale pale dukani na kuachwa ikiwaka. Mwenye duka aliombwa aiangalie tu. Ikiwaka muda uliotajwa, auze zilizobaki na kulipa; isipowaka, hadaiwi kitu.

Wenye maduka walifunga jioni taa ikiwaka, wakafungua asubuhi ikiwaka. Vijana walipopita tena walikuta taa zimekwisha na fedha zinawangoja. Baada ya muda wale wale wauzaji wa jumla wakaja kuomba mzigo.

Mwaka 1927 alirudia mbinu hiyo kwa taa mpya ya mraba, ambayo ndiyo ya kwanza kubeba jina la National. Safari hii alipanga kugawa taa 10,000 bure kabisa. Betri hakuwa akizitengeneza yeye. Alizinunua kwa Okada, mtengenezaji wa Tokyo. Akamwendea na ombi lililomshangaza mzee huyo: ampe betri 10,000 bila malipo, naye aahidi kuuza 200,000 kabla mwaka haujaisha. Asipofikisha, atalipia zile 10,000. Okada akakubali. Kabla taa zote za bure hazijagawiwa, oda zilishaanza kumiminika, na hadi mwisho wa mwaka zilikuwa zimeuzwa betri 470,000. Ni biashara ya namna hii iliyomfanya mwaka 1931 aanze kutengeneza betri katika kiwanda chake mwenyewe.

Katikati ya hayo dunia iliingia katika mdororo wa uchumi wa mwaka 1929. Mauzo yalishuka kwa nusu na stoo zikajaa tena. Wasaidizi wake walishauri nusu ya wafanyakazi wapunguzwe. Yeye alipunguza uzalishaji kwa nusu, akawafanyisha watu kazi nusu siku kwa mshahara kamili, na muda uliobaki wote wakatoka kuuza. Miezi michache baadaye stoo zilikuwa tupu. Wapo watakaosema alikuwa na bahati, na si uongo kwamba wengine walioshikilia wafanyakazi wao wakati huo walifilisika.

Tangu mwaka 1932 alikuwa akiwaeleza wafanyakazi wake kwamba kazi ya kiwanda ni kufanya vifaa viwe vingi na rahisi kama maji ya bomba, ambayo mpita njia akiyanywa hakuna anayemgombeza. Vita Kuu ya Pili ikavuruga mambo. Baada ya Japani kushindwa, utawala wa Wamarekani ulimwekea vikwazo kama mmoja wa matajiri waliohusika na uchumi wa vita, na waliopita huku na huku kukusanya saini za kumtetea ni wafanyakazi wake. Shemeji yake Toshio Iue alijitenga na kuanzisha kampuni yake mwaka 1947, ambayo ilikuja kujulikana kwa jina la Sanyo.

Viwanda vya Matsushita vilianza kutoka nje ya Japani tena mwaka 1961, kwa kuanzia na Thailand, na katikati ya miaka ya 1960 kampuni ikafungua kiwanda Dar es Salaam. Kiwanda hicho kilitengeneza betri kavu na redio. Kwa miaka mingi mkulima wa Manyoni au Kiomboi alisikia taarifa ya habari, bei za mazao na vipindi vya elimu kwa nguvu ya mawe hayo. Hayakuwa rahisi, na hata sasa si rahisi: betri kubwa kama 100 ndizo zinazotoa umeme unaolingana na uniti moja ya TANESCO. Hakuna umeme wa ghali kwa kaya ya kijijini kuliko huu unaonunuliwa dukani mawe mawili mawili.

Kwa sababu hiyo kila mzee ana mbinu zake za kuyarefushia maisha, na si zote zinafaa. Kuanika mawe juani huyafanya yafufuke kwa muda mfupi, kwa sababu joto huchangamsha kemikali na mapumziko nayo husaidia. Lakini joto hilo hilo hukausha uji wa ndani, na zinki ikishalika hutoboka na kuvuja, ikaharibu redio ya fedha nyingi kwa ajili ya saa moja ya muziki. Kuchanganya jipya na la zamani ni kosa jingine: la zamani hulivuta jipya chini na mara nyingi ndilo linalovuja. Mawe yatolewe katika kifaa kisichotumika na yawekwe mahali pa baridi, mbali na bati la paa. Simu nayo, ingawa betri yake ni ya aina nyingine, huumizwa na joto vivyo hivyo, na katika maeneo yenye mtandao hafifu humaliza chaji ikihangaika kutafuta mnara. Kuizima hadi unapofika penye mtandao huokoa safari moja ya kwenda kulipia kuchaji.

Matsushita aliacha uenyekiti wa kampuni mwaka 1973, akatumia uzee wake kuandika vitabu na kufundisha vijana, na alifariki Aprili 27, 1989 akiwa na miaka 94. Mwaka 2008 kampuni yake ilibadilisha jina na kuwa Panasonic, na jina la National likaanza kuondolewa kwenye bidhaa zake.