Mizani ya Quetelet Haikuundwa kwa Mtu Mmoja

Adolphe Quetelet hakuwa tabibu. Hata hivyo, kila mwalimu anayemwagiza mwanafunzi agawe uzito wake wa kilo kwa mraba wa kimo chake cha mita hutumia kanuni ya bwana huyo. Yafaa tumjue, maadamu hukumu itokanayo na kanuni hiyo huwaangukia watoto wetu.

Alizaliwa Ghent, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, mwaka 1796. Mnamo 1819 alipata shahada ya udaktari katika hisabati, kisha akaenda kufundisha Brussels. Mwaka 1823 alitumwa Paris kujifunza elimu ya nyota, na baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha falaki cha Brussels. Kwa wanafalaki alijifunza kukusanya vipimo vingi vya kitu kimoja na kutafuta cha katikati. Mbinu hiyo akaihamishia kwa binadamu: akakusanya vimo, uzito, vifo, hata makosa ya jinai.

Katika kitabu chake cha 1835 alimweleza mtu wa wastani, na akaonyesha kuwa uzito wa watu wazima huongezeka takribani kwa mraba wa kimo. Kwa watoto wanaokua aliona uwiano mwingine. Alifariki mwaka 1874, naye hakuwa ameikusudia kanuni hiyo ipime unene wa mtu yeyote. Ni Ancel Keys, Mmarekani, aliyeifufua mwaka 1972 baada ya kuchunguza wanaume zaidi ya 7,400 kutoka nchi 5.

Lugha yetu inalo funzo hapa. Neno wastani lina maana ya hesabu ya katikati, na pia kiasi kifaacho. Quetelet alizichanganya maana hizo mbili, akamwona mtu wa katikati kuwa ndiye kielelezo cha ukamilifu. Sisi tumelirithi kosa lake.

Tutazame Kajiado. Mchungaji wa Kimaasai mwenye kimo cha mita 1.85 na kilo 62 hupata 18.1, chini ya mpaka wa 18.5, naye huitwa mwenye upungufu wa uzito. Huenda hana ugonjwa wowote: miguu mirefu na kiwiliwili kifupi huishusha hesabu hiyo. Kinyume chake, karani wa Kitengela mwenye mita 1.70 na kilo 69, ashindaye kitini mchana kutwa, hupata 23.9 na kupongezwa, ilhali mafuta yamemjaa tumboni, mahali yanapohatarisha moyo na kuleta kisukari. Hesabu haitofautishi msuli na mafuta.

Si kwamba kanuni hii haina faida. Ni rahisi, haihitaji mitambo, na huonyesha vyema mwelekeo wa umma mzima. Kwa mtu mmoja, ni dalili ya kumfanya daktari aulize zaidi: kiuno kina upana gani, shinikizo la damu likoje, anakula nini?

Kwa hiyo walimu wasitumie mipaka ya watu wazima kuwahukumu wanafunzi ambao bado wanakua; vipimo vyao hulinganishwa na vya wenzao wa umri na jinsia moja. Wala jibu lisisomwe mbele ya darasa. Msichana aliyeitwa mnene kwa makosa aweza kuacha kula, na Quetelet hatakuwapo kumtetea.