John Akii-Bua: mwana wa Uganda aliyeshinda dunia, kisha akakimbia nchi yake

Hapa Kisangani, ukitaja Uganda mbele ya watu wazima, wengi watakumbuka mabomu ya mwezi wa sita 2000, siku sita ambazo majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana katikati ya mji wetu. Ni haki yao kukumbuka. Lakini leo tunaleta habari za Mganda mwingine, mwanariadha ambaye yeye pia alikimbizwa na vita, na ambaye vijana wengi wa Tshopo hawajasikia hata jina lake.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1949, huko Abako, katika eneo la Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane, na watoto wa nyumba hiyo walihesabiwa kuwa zaidi ya arobaini. Baba alipokufa, masomo yalikatika. Kijana akashuka Kampala, akaingia polisi. Ni huko polisi, si shuleni, ndiko walikogundua kwamba ana miguu. Afisa mmoja, Jorem Ochana, aliyekuwa mwenyewe mkimbiaji wa viunzi, alimshika mkono. Baadaye akaja kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyemtoa kwenye mbio fupi za viunzi na kumpeleka kwenye mita 400.

Wasomaji wasiozijua mbio hizo waelewe taabu yake. Ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja, kwa kasi, na njiani kuna viunzi kumi vyenye kimo cha karibu sentimita 91. Kati ya kimoja na kingine kuna mita 35. Ukikosea hesabu ya hatua, unafika kwenye kiunzi na mguu usiofaa, na mbio zimekwisha. Akii-Bua alijizoeza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Tena alifanya mazoezi amevaa fulana yenye uzito wa kilo kama 11, kwenye vilima vya Kampala. Vifaa vya kisasa hakuwa navyo.

Mwaka wa 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alimaliza wa nne. Wazungu hawakumjali sana.

Tarehe 2 mwezi wa tisa 1972, mjini Munich, Ujerumani, fainali ya Olimpiki. Akii-Bua alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wa viunzi hawaitaki kwa sababu kona zake ni kali. Mshindi wa 1968, Mwingereza David Hemery, alikuwemo, pamoja na Mmarekani Ralph Mann. Hemery alianza kwa moto sana. Kwenye kona ya mwisho Mganda alimfikia, akampita, na hadi kwenye mstari hakuna aliyemkaribia. Sekunde 47.82. Hakuna mtu duniani aliyewahi kwenda chini ya sekunde 48 kabla yake. Rekodi ya Hemery ilikuwa 48.12. Mann alipata fedha, Hemery shaba. Watu uwanjani walishangaa kuona mshindi hachoki: aliendelea kuzunguka uwanja, akirukaruka kwa furaha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Siku tatu baadaye ilitokea mauaji ya wanamichezo wa Israeli katika mji uleule, na dunia ikageukia huko.

Nyumbani, raisi Idi Amin alimpokea kwa shangwe. Alimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote, yule Amin aliyempindua 1971. Askari na raia wengi wa kabila hilo waliuawa miaka ile. Kwa hiyo huyu bwana aliishi kati ya sifa na hofu: serikali ilimhitaji kwenye picha, na haikumwamini.

Mwanzoni mwa 1973 alishinda tena, kwenye michezo ya Afrika huko Lagos. Halafu ikaja 1976. Nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uganda pia haikukimbia. Mmarekani Edwin Moses alichukua dhahabu na rekodi, kwa sekunde 47.64. Kususia kulikuwa na sababu ya haki, lakini waliolipa ni wanariadha, na kwa Akii-Bua nafasi ile haikurudi.

Mwaka wa 1979, jeshi la Tanzania lilipokaribia Kampala, alikimbilia Kenya na jamaa yake. Mke wake alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kama wakimbizi wengine. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka wa 1980 alikimbia tena Moscow, lakini miguu haikuwa ile ya zamani. Aliishia nusu fainali.

Baadaye alirudi Uganda, akaingia tena polisi. Alikufa tarehe 20 mwezi wa sita 1997, akiwa na miaka 47, mke wake akiwa amemtangulia. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa.

Uganda ilingoja hadi 2012, huko London, ili Stephen Kiprotich alete dhahabu ya pili, katika marathoni. Kwetu Kongo bado tunangoja medali ya kwanza, ya rangi yoyote. Na huko Lira, vijana wa Walango wana uwanja wenye jina la Akii-Bua.