Abunuwasi Kabla ya Hadithi

Mwezi uliopita wanafunzi wa idara yetu tulishindana kwa maswali ya katuni za mashujaa. Nilijiandaa vizuri. Swali la nne lilihusu mwaka 1996, pale kampuni mbili za Marekani, DC na Marvel, zilipowakutanisha mashujaa wao katika mfululizo mmoja wa pambano. Mapambano yalikuwa kumi na moja, na matano kati yake yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Tuliulizwa ni nani aliyemshinda Wonder Woman kwa kura hizo. Nilijibu ni Storm, nikaongeza bila kuulizwa kwamba mama yake, kwa mujibu wa hadithi zake, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Tukapata pointi.

Swali lililofuata lilikuwa zuri zaidi kwa mwanaisimu. Baada ya mapambano hayo, kampuni hizo zilichanganya mashujaa wawili wawili wakawa mmoja: Batman na Wolverine wakawa Dark Claw, Superman na Captain America wakawa Super-Soldier. Hapo mwendesha maswali akatutania: je, kwetu yuko shujaa aliyewahi kuhamia katika hadithi za wenzake namna hiyo? Nikasema yuko, Abunuwasi. Watu wakacheka. Dada mmoja wa mwaka wa pili akaniuliza kama Abunuwasi alikuwa mtu kweli. Nikasema ndiyo, alikuwa mshairi. Akauliza aliishi wapi na alitunga nini. Nikanyamaza.

Nilikuwa nalijua jina la mama yake Storm, na sikujua lolote juu ya mtu niliyelitaja jina lake tangu utotoni. Makala hii ni jibu langu kwa dada yule. Kwa kiasi fulani pia ni deni ninalolipa nyumbani.

Nyumbani ni Kalunguta, kwenye barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa akitusimulia kwa Kinande kisa cha sungura aliyeazima chungu kwa chui. Alipokirudisha aliweka chungu kidogo ndani yake, akasema kile kikubwa kimezaa. Chui akafurahi, akapokea vyote viwili. Mara ya pili sungura hakurudisha kitu. Alisema chungu kimefariki. Chui alipokataa, akaambiwa kwamba aliyekubali chungu kinazaa hana budi kukubali kwamba kinakufa.

Mjomba wangu alikuwa akifuata bidhaa Kampala, na mara nyingine akifika hadi Nairobi. Safari moja aliniletea kitabu cha katuni kiitwacho Abunuwasi, kilichochorwa na Gado, Mtanzania, na kutolewa Nairobi mwaka 1996, mwaka uleule wa akina Dark Claw. Mjomba alishikilia kwamba kisa cha chungu ni cha Abunuwasi, kwamba chungu chenyewe ni sufuria, na kwamba sungura amepachikwa tu. Nyanya alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akasema yeye alikipokea kwa mama yake, na mama yake hakuwahi kufika Nairobi.

Miaka ilipita. Nilipokuwa nikikusanya ngano za kwetu kwa ajili ya tasnifu, mwalimu mmoja alinishauri nikiondoe kisa kile kwa sababu si cha Wanande, ni cha Waarabu. Nilikubali haraka mno. Sikukiandika hata kwa ajili yangu mwenyewe. Nyanya amekwisha fariki, na daftari langu lina kichwa cha kisa na mistari miwili tu.

Sasa nimsimulie mwenye jina.

Alipozaliwa hakuitwa Abu Nuwas. Aliitwa al-Hasan, mwana wa Hani. Abu Nuwas ni lakabu, nayo huhusishwa na nywele zilizoning'inia. Alizaliwa Ahwaz, kusini-magharibi mwa Iran ya leo, kati ya mwaka 756 na 758 hivi. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya huko Damascus. Mama yake, Gulban, alikuwa Mwajemi, mwanamke aliyeishi kwa kazi ya mikono yake. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo, na mama akamchukua kwenda Basra. Kwa hiyo huyu tunayemwita Mwarabu alilelewa na mama Mwajemi.

Basra ya wakati huo wanafunzi wa kitivo chetu wangeipenda. Ulikuwa mji wa bandari na wa wanasarufi. Hapo ndipo alipofanya kazi Sibawayhi, Mwajemi naye, ambaye kitabu chake ndicho msingi wa sarufi ya Kiarabu hadi leo. Wawili hawa ni wa kizazi kimoja. Kiarabu ambacho Sibawayhi alikiwekea kanuni, al-Hasan alikuja kukinyoosha na kukipinda katika mashairi.

Alianza chini kabisa. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alifanya kazi kwa muuza manukato. Mshairi mmoja wa Kufa, Waliba bin al-Hubab, alikiona kipaji chake akamchukua kuwa mwanafunzi. Baadaye alisoma kwa Khalaf al-Ahmar, bingwa wa mashairi ya kale. Kuna kisa kinachosema kwamba Khalaf alimkataza kutunga mpaka ahifadhi mashairi elfu moja. Alipoyahifadhi, mwalimu akamwamuru ayasahau yote. Al-Hasan akajitenga mpaka akayasahau, ndipo akapewa ruhusa ya kutunga. Iwe ilitokea au haikutokea, naona inaeleza jambo la kweli kuhusu kujifunza. Inasemekana pia kwamba aliishi kwa muda kati ya Mabedui jangwani ili apate Kiarabu kilichohesabiwa kuwa safi. Sisi leo tungeita kazi hiyo utafiti wa uwandani.

Kisha akaenda Baghdad, mji mkuu mpya wa Bani Abbasi ulioanza kujengwa mwaka 762. Harun al-Rashid alitawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, na kwa miaka mingi kazi za serikali zilikuwa mikononi mwa mawaziri wa ukoo wa Barmaki, Waajemi pia. Hapo Abu Nuwas alijipatia jina. Alitunga juu ya mvinyo, juu ya uwindaji, juu ya mapenzi kwa wanawake na kwa vijana wa kiume. Alitunga sifa kwa wakubwa na matusi kwa maadui. Washairi wa kale walikuwa na desturi ya kufungua shairi kwa kulia mbele ya mabaki ya kambi ya mpenzi aliyehama. Abu Nuwas aliifanyia dhihaka desturi hiyo: kwa nini mtu wa mjini alilie mawe ya jangwani ambako hajaishi? Aliingiza pia maneno ya Kiajemi na majina ya sikukuu za Kiajemi katika mashairi ya Kiarabu. Mtu aliyewafuata Mabedui kutafuta lugha safi ndiye aliyerudi mjini akaichanganya, na wapenzi wa ushairi wakamhesabu miongoni mwa mabingwa wa lugha hiyo.

Hilo halikumpa amani. Mwaka 803 Harun aliuangusha ukoo wa Barmaki. Jafar, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, akauawa. Abu Nuwas alikwenda Misri, akakaa kwa al-Khasib, msimamizi wa fedha na kodi wa huko, akimsifu ili apate riziki. Baadaye alirudi Baghdad. Harun alipofariki mwaka 809, mwanawe al-Amin alishika ukhalifa na kumfanya Abu Nuwas mwenzake wa karibu. Hata huyo aliwahi kumtia gerezani kwa sababu ya mvinyo. Ndugu wawili, al-Amin na al-Ma'mun, wakapigana vita. Baghdad ikazingirwa, na mwaka 813 al-Amin akauawa. Mshairi hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Baghdad mwaka 814 au 815 hivi. Wengine husema alifia gerezani, wengine katika nyumba ya marafiki. Ameacha pia mashairi ya toba. Yeye mwenyewe hakukusanya diwani yake. Kazi hiyo ilifanywa na wengine katika karne iliyofuata, akiwemo al-Suli.

Hapo maisha ya mtu yanaisha na ya shujaa yanaanza. Katika Alfu Lela u Lela tunamkuta karibu na Harun al-Rashid, akimchekesha na kuponea chupuchupu. Historia inaonyesha kwamba aliyekuwa mwandani wake hasa ni al-Amin. Lakini hadithi zilihitaji khalifa maarufu na mjanja maarufu, zikawakutanisha wawili hao kama kampuni za katuni zinavyofanya na wahusika wao.

Jina lilipofika pwani ya Afrika Mashariki lilibadilika. Kiarabu kinaliandika kwa maneno mawili. Sisi tumeyaunganisha, tukaongeza irabu mwishoni, na hakuna anayesikia tena abu ndani ya Abunuwasi. Lilipokuja, lilikuta visa vingine sokoni. Kisa cha chungu kinachozaa na kufa husimuliwa na Waarabu juu ya Juha, na Waturuki juu ya Nasreddin Hoja. Lakini kwa Kiswahili juha ni mjinga. Nadhani, na hili ni wazo langu tu, jina lilipokuwa nomino ya kawaida yenye maana ya mpumbavu halikuweza tena kubeba visa vya ujanja, na Abunuwasi akavirithi. Jina la zamani halikupotea, hata hivyo. Mkenya Edward Gitau alimwita mhusika wake wa katuni, aliyeonekana kwa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo, Juha Kalulu. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, kama Kichewa. Juha na sungura katika jina moja: huo ni mchanganyiko wa akina Dark Claw, nao uliwatangulia.

Abunuwasi alisafiri zaidi ya pwani. Mwaka 1897 mmisionari Henri-Alexandre Junod alichapisha ngano za Waronga wa kusini mwa Msumbiji, na humo yumo mjanja aitwaye Bonaouaci. Mwaka 1933 Alice Werner, katika kitabu chake juu ya visasili vya Wabantu, alimweka Abunuwasi kati ya hadithi zilizosafiri. Mwaka 1976 jina lake likapewa kreta moja kwenye sayari ya Zebaki.

Nikirudi kwa mwalimu aliyenishauri, simlaumu sana. Alitaka kuilinda Kinande. Lakini alidhani kwamba ukikiondoa kilichotoka nje, kitakachobaki ni chetu. Maisha ya al-Hasan mwana wa Hani yamenionyesha kwamba hata huko kilikotoka, mwenye jina alikuwa wa mama Mwajemi na lugha ya Kiarabu, na kisa tunachompa hakikuwa chake. Tukianza kuondoa, hatutapata mahali pa kusimama. Mjomba naye alikosea upande wake: alimpa Abunuwasi kisa, akamnyang'anya nyanya. Na mimi nimelitumia jina la mshairi kwa miaka ishirini bila kujua kwamba aliwahi kuandika hata ubeti mmoja. Hadithi kuchanganyika hakuna ubaya. Hasara ni kupotea kwa waliozibeba.

Likizo iliyopita nilimwomba mama mdogo anisimulie kisa cha chungu, nikarekodi. Kwake mwenye chungu ni sultani, muazimaji ni sungura, na mambo yanatokea njiani kwenda Butembo sokoni. Nimekiandika chote kwa Kinande, na juu yake nimeweka majina matatu: la nyanya aliyetusimulia, la mama mdogo aliyekihifadhi, na la Abunuwasi, ambaye mjomba anaapa kuwa ndiye mwenyewe. Nitakirudisha katika tasnifu na kukitetea. Wewe msomaji ambaye nyanya yako bado yu hai, nenda na daftari, na usiulize kwanza kama kisa ni cha kwenu.