Askofu Edward Steere: Daktari wa Sheria Aliyeanza Upya Unguja

Anayeingia Kanisa Kuu la Waanglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe, huelezwa kwanza habari za soko la watumwa lililokuwa mahali hapo, na ni haki iwe hivyo. Wachache huuliza ni nani aliyezikwa nyuma ya altare. Ni Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA. Si wa Kanisa letu Katoliki, lakini Kiswahili tunachosalia kila siku kina deni kwake, na mafrateri tunaohangaika na tasnifu tuna la kujifunza kwake.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1850, akiwa na miaka 22 tu, alikuwa tayari na shahada ya udaktari wa sheria. Baadaye aliacha uwakili, akapewa daraja takatifu na kuchunga parokia ndogo ya shambani huko Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa misheni iliyokuwa upande wa mto Zambezi, Steere alimfuata. Kazi ya kule ilishindikana, na mwaka 1864 wote wawili wakahamia Unguja.

Hapo ndipo udaktari wake ulipokosa kazi. Shahada ilithibitisha kwamba anajua kutafiti sheria za Kiingereza. Haikusema lolote kuhusu kumsikiliza mchuuzi wa Darajani. Ndugu zetu wanaosomea uzamivu hukutana na swali hilohilo kwa namna yao: msimamizi atasaini, baraza la watahini litaamua, lakini mimi mwenyewe nitajuaje kwamba sasa naweza? Kwa Steere hapakuwa na msimamizi wala watahini. Kitabu cha sarufi cha Krapf cha mwaka 1850 kilikuwepo, lakini kilifuata zaidi usemi wa Mombasa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa Tozer na Sultani Majid, walitoka bara, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kigeni kwao. Hawakuweza kuwa kipimo chake.

Akatafuta kipimo mjini. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Hebu tuione picha hiyo: mwanachuoni wa Kiislamu anamfasiria padre wa Kianglikana Zaburi za Daudi, katika Unguja ya miaka ya 1860. Ilikuwa fadhila kubwa, na mgeni yeyote angeipokea kazi ile kama neno la mwisho. Steere aliipokea kwa shukrani, akajifunza mengi. Lakini kadiri alivyozidi kuwasikia watu wa kawaida, aligundua kwamba si maneno tu yaliyokuwa ya Kiarabu. Hata mpangilio wa sentensi ulifuata Kiarabu. Akayaweka maandishi yale kama hazina ya msamiati wa dini, akatafuta kwingine namna ya kusema.

Mimi naona hapa ndipo alipokomaa. Mwanafunzi mchanga hushikilia neno la mwalimu, na mwenye kiburi hulitupa. Kupokea kwa heshima na bado kupima, hilo ni gumu, hasa pale ambapo kosa litaingia katika sala za watu kwa miaka mingi.

Kwingine ni kwa wasimulizi wa hadithi. Aliwasikiliza na kuandika walivyosimulia: Punda wa Dobi, Sultani Majinuni, habari za Liongo. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapa, na wavulana walifundishwa kupanga herufi, kwa hiyo kazi iliweza kutoka vipande vipande na kusahihishwa kabla haijawa kitabu. Mwaka 1870 vikatoka London vitabu viwili, mkusanyiko wa hadithi za Unguja na mwongozo wa lugha ya Kiswahili. Ndani ya mwongozo huo aliweka hata kinyume, ule mchezo wa kugeuza maneno ambao silabi ya mwisho hupelekwa mbele na nyumba ikawa mbanyu. Mtu haingizi kinyume katika kitabu chake kama hakukaa barazani.

Kuna jambo moja dogo katika majina ya vitabu vyake. Cha Kiswahili alikiita mwongozo. Vya Kisambaa (1867), Kiyao (1871) na Kimakonde (1876) hakuviita hivyo. Aliviita makusanyo kwa ajili ya mwongozo. Alijua alipofika katika kila lugha, akaliandika hilo kwenye jalada, mahali ambapo wengi wetu hupenda kujikweza.

Aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini lilikuwa limewekwa siku ya Noeli 1873, miezi michache baada ya soko kufungwa, na ibada ya kwanza ilifanyika miaka kadhaa baadaye. Katikati ya ujenzi huo alitembea hadi nchi ya Wayao mwaka 1875, na mwaka uliofuata akawapeleka Masasi watumwa waliokombolewa.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, tafsiri ya Biblia nzima ikiwa bado haijakamilika. Wengine waliimalizia, nayo ikatoka miaka ya 1890. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwongozo wake ulirekebishwa na Madan, mmisionari mwenzake wa UMCA. Yale makusanyo ya Kimakonde aliyaacha yakiwa makusanyo.