Jenerali Aliyepatana na Adui Zake

Wahenga walinena kuwa fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Ndugu msomaji, ukitaka kuuona ukweli wa methali hiyo, yatazame maisha ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani.

Mzee huyu alizaliwa mwaka wa 1870. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka wa 1914, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Mwezi wa Agosti askari wake waliuteka mji wetu wa Taveta. Novemba, jeshi la Waingereza la watu kama 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, liliteremka Tanga. Yeye alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, lakini aliwatimua wakarudi melini mbio!

Mwaka wa 1916 akaja Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, akaikomboa Taveta na kumwandama Lettow porini. Wapi! Hakumkamata. Lettow aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Lakini je, nani aliyeibeba vita ile? Ni wapagazi. Pande zote mbili ziliwatwika mizigo, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, homa na kuhara. Jina la Kariokor, Nairobi, na la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Baadaye Lettow alitafuta suluhu na waliokuwa adui zake. Mwaka wa 1929 alikwenda London, akaketi kwenye karamu moja na Smuts, wakawa marafiki. Vita ya Pili ikamwulia wanawe wawili, na nyumba yake ikabomolewa kwa mabomu. Alipokuwa hana chakula, Smuts alikuwa miongoni mwa waliomtumia. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 83, alirudi Afrika Mashariki, na askari wake wa zamani wakamlaki kwa shangwe.

Alifariki Machi 1964. Mwaka huo huo ndipo bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wale mishahara yao, ilhali wengi walikwisha kuzikwa. Yasimuliwa kwamba huko Mwanza, mzee asiyekuwa na cheti alipewa ufagio aushike kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea hata mmoja.

Basi wenzangu, kupatana ni jambo jema, nasi tumsifu mzee kwa hilo. Ila majenerali walipatana mezani, askari akalipwa baada ya miaka 46. Na yule mpagazi aliyeachwa njiani na mzigo wake, nani alikwenda kumwomba radhi?